Dozi za Kwanza za Dakta Cleophace

Siku Cleophace alipogundua kwamba ini la binadamu linaweza kumlisha mtu, alikuwa hajatia kitu tumboni tangu asubuhi. Alikuwa amejibanza katika hoteli ya mama mmoja pale Rubwera, mbele ya chai ya rangi aliyokuwa akiinywa kwa ubahili mkubwa, masikio yameelekezwa meza ya jirani. Kusikiliza ya watu ndiyo ilikuwa kazi yake ya kudumu. Nyingine zote zilikuwa vibarua.

Kabla ya hapo alikuwa mtu wa butura. Asiyeijua butura ashukuru Mungu. Ni kumfuata mkulima aliyebanwa na shida, mtoto karudishwa shule, mke yuko wodini, ukanunua kahawa yake ingali ua mtini kwa bei ya kutupa, kisha ikiiva ukaja kuichuma kana kwamba wewe ndiye uliyeipalilia. Watu wa butura walipoanza kukamatwa, Cleophace alijitangaza kuwa mwathirika wa butura, akachangiwa na usharika mmoja na parokia mbili. Basi huyo ndiye mtu wetu: mrefu, shati limenyooshwa pasi, sauti ya upole kama ya katekista anayetangaza mchango wa pili.

Meza ya jirani alikaa Mzee Rwegoshora, mwenye zahanati binafsi nyuma ya stendi. Rwegoshora alikuwa na mashamba ya kahawa, ng'ombe na pikapu, na alikuwa na tabia ya kuhuzunika kila alipoona mtu mwingine anakula. Siku hiyo alikuwa na huzuni ya ziada.

"Bwana afya kanijia jana," alikuwa akimwambia mwenzake. "Anasema wote wanaogusa damu pale kwangu, nesi, mfagiaji, mfua mashuka, wote wachanjwe homa ya ini. Akirudi asikute kadi, anafunga mlango. Dozi tatu kila mtu! Nani kamwambia mimi ni shirika la misaada?"

"Lakini ugonjwa wenyewe si wa mchezo, mzee. Sindano ikikuchoma tu kwa bahati mbaya, umeupata."

"Mkono ni wao, ini ni lao, halafu hela iwe yangu?"

Cleophace aliweka kikombe chini. Kuna watu ambao wakisikia habari ya ugonjwa huwahurumia wagonjwa, na kuna wengine ambao huona njaa imewaisha. Alijifuta mdomo, akaenda kusimama mbele ya meza ile, mikono imekutana tumboni kwa adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Dakta Cleophace, mzee. Mratibu wa chanjo kwa wafanyakazi walio hatarini." Cheo hicho alikitunga njiani, kati ya meza na meza, na kwa kazi ya haraka namna ile hakikuwa kibaya. "Samahani kwa kusikia yasiyonihusu. Ila yananihusu."

Mazungumzo yaliendelea jioni nyumbani kwa Rwegoshora. Mgeni aliletewa kahawa ya kutafuna kwenye kisahani, kama desturi inavyotaka, na Rwegoshora akaihesabu kwa macho kadiri mgeni alivyotafuna. Cleophace alianza kueleza mambo ya kinga na joto la kuhifadhia dawa. Mwenyeji wake alimkatisha.

"Kijana, usinichoshe. Mimi nataka vitu viwili. Sindano iingie, kadi itoke. Katikati ya hivyo viwili kuna nini, hilo utaulizwa wewe na Mungu wako."

Cleophace nusura machozi yamtoke. Mara ngapi tapeli hufanya kazi maisha yake yote bila kukutana na mtu wa fani yake?

"Na kwa nini tuishie wafanyakazi wako, mzee?" alisema kwa sauti ya chini. "Kuna vinyozi. Wembe ule, damu ile. Kuna akina mama wa saluni. Kuna wenye mabucha."

"Wenye mabucha wana shida gani na homa ya ini?"

"Si wanagusa damu?"

"Ya ng'ombe."

"Mzee, damu ni damu."

Rwegoshora alitafakari hekima hiyo, akaiona nzuri. Wakakubaliana. Yeye angekata mishahara ya wafanyakazi wake kulipia chanjo, akate kidogo zaidi ya bei, na zahanati yake itumike kuwapa wateja wa nje imani. Cleophace angeleta dawa. Hela ya nje wangegawana.

"Na wewe mwenyewe, mzee, tukuandikie dozi?"

"Mimi?" Rwegoshora alicheka hadi kahawa ikamtoka mdomoni. "Mimi ni mzima."

Dawa yenyewe haikumsumbua Cleophace. Alinunua vichupa vya maji yale safi ya kuchanganyia dawa za sindano, akabandua karatasi zake, akabandika mpya alizochapishiwa steshenari kwa rangi ya dhahabu. Alitafuta deli la kuhifadhia barafu, akalipata kwa muuza samaki, na ingawa alilisugua kwa sabuni na majivu, chanjo ile iliendelea kunuka sangara hadi mwisho wa maisha yake. Koti jeupe lilitoka mitumbani, na mfukoni lilikuwa limetariziwa uma na kijiko. Tumpe haki yake: mabomba ya sindano alinunua mapya. Hakufanya hivyo kwa wema. Alijua tu kwamba mteja akipata jipu, harudi kwa dozi ya pili.

Asubuhi ya chanjo, uwanja wa zahanati ulijaa. Nesi Benadeta alisoma karatasi ya kichupa mara mbili, akamtazama tajiri wake. Tajiri akatazama geti. Benadeta alikuwa na watoto wawili sekondari, na geti lile alilielewa vizuri sana. Akanyamaza, na kunyamaza huko kulikuja kumuuma baadaye kuliko sindano yoyote.

Aliyesema alikuwa Vestina. Vestina ndiye aliyefagia zahanati ile, akafuta damu sakafuni, akabeba maboksi ya sindano zilizotumika hadi shimo la kuchomea taka. Ukoo wake ulitoka Burundi zamani, na kaka yake mkubwa alifanya kazi hiyohiyo mahali pengine kabla yake. Huyo kaka alikufa tumbo limejaa maji, macho yamekuwa ya njano, na Vestina ndiye aliyemwogesha. Tangu hapo kila alipoinua boksi la sindano alisali. Hakuna aliyeingoja chanjo ile kama yeye, na kwa sababu hiyohiyo hakutaka kuipokea kijinga.

"Dakta, samahani," alisema. "Sisi huku mtu hakupi kibuyu cha lubisi hivihivi. Anavuta yeye fundo la kwanza, unamwona anameza, ndipo unapokea. Na hiyo ni pombe tu. Hii inaingia kwenye damu."

"Kweli kabisa!" watu wakaitikia. "Mwenye pombe huonja kwanza!"

Mgeni wa mbali angechukia. Cleophace, mtoto wa Karagwe aliyelelewa kwenye migomba, alifurahi hadi moyoni, kwa sababu aliijua nguvu ya desturi ile: ukishaonja, hakuna tena wa kukuuliza kilichomo kibuyuni. Na maji hayadhuru mtu. Alivua koti taratibu, akakunja mkono wa shati.

"Mama, umesema neno," alisema, sauti ikitetemeka kwa utakatifu. "Na Mungu ana makusudi yake, maana mimi mwenyewe sijachanjwa. Nilijiapiza: Cleophace, hutajipendelea kabla ya watu wako. Leo, mbele ya macho yenu, napokea dozi yangu ya kwanza."

Benadeta akamchoma. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja aliyekuja kupima malaria akapiga vigelegele.

Zamu ya Vestina ilipofika, alifumba macho, midomo ikimchezacheza kwa sala. Alipoyafumbua yalikuwa yamelowa. Kesho yake alirudi na mkungu wa ndizi kichwani, ndizi nzuri za kupika alizokata mwenyewe, akapiga magoti mbele ya Cleophace.

"Sina kitu kingine, Dakta. Umenitoa hofu."

Je, Cleophace alihisi chochote? Alihisi. Alihisi kwamba mkungu ni mzito, akamwita bodaboda.

Kutoka hapo akafungua ziara. Alikwenda Bugomora, saluni kwa Placida, mwanamke mnene mcheshi aliyesuka nusu ya vichwa vya kata ile. Nako wakasema mwenye pombe huonja kwanza, nako akakunja mkono wa shati, na nako sauti ikatetemeka: "Dozi yangu ya kwanza." Alikwenda Rugera kwenye bucha la Harerimana, akaeleza jinsi homa ya ini inavyomnyemelea mchinjaji kupitia mbuzi, akashika ndoano ya nyama kwa mkono mmoja na kutoa mwingine uchomwe. Dozi ya kwanza tena. Vinyozi wa stendi, dozi ya kwanza. Hata muuza mishikaki alichanjwa, na mbele yake Dakta alianza upya kama bikira. Bega lake likawa limetobolewa kama chekecheo, naye akalibeba kwa fahari, maana hakuna tangazo la biashara lililowahi kumlipa vile. Kwa watu wenye kuogopa alikuwa na maneno ya kipeperushi aliyoyakariri yote: macho ya njano, mkojo wa rangi ya chai, tumbo kujaa maji, ini kuwa gumu. Aliyasema vizuri, kwa vituo, akimtazama mtu usoni hadi mtu atoe pochi.

Huko nyuma, Mzee Rwegoshora naye hakulala. Glavu nene za kubebea taka zilipotoboka, Vestina alimwendea ofisini.

"Za nini?" aliuliza mzee. "Si umechanjwa?"

Vestina akaona ni kweli. Alikuwa amechanjwa. Akashika kazi kwa mikono mitupu, bila hofu, akiimba nyimbo za kwaya, hadi Jumamosi moja boksi lililolowa lilipoachia na sindano ya mgonjwa fulani ikamzama kwenye kiganja. Damu ilitoka. Zamani angepiga yowe. Safari hii aliosha mkono kwa maji na sabuni, akaendelea kuimba.

Kesho yake ilikuwa sikukuu ya mavuno parokiani. Cleophace hakuwepo, na hilo ni kosa ambalo hakujua hata kujilaumu nalo. Baada ya misa, mikungu na kuku vikinadiwa, Vestina alikaa kwenye nyasi na wifi yake, yule Placida wa Bugomora, wakila senene wa kukaanga na kupeana habari.

"Na mimi nimechanjwa homa ya ini," Placida alisema kwa maringo. "Dakta mwenyewe kaja saluni. Mtu wa Mungu yule! Tulimwambia aonje kwanza, akaonja. Kumbe naye alikuwa hajawahi kuchanjwa, dozi yake ya kwanza kapatia kwangu."

Vestina aliacha kutafuna. "Dakta yupi?"

"Mrefu. Koti lina uma na kijiko."

"Huyo dozi yake ya kwanza kapata kwetu Rubwera, wifi. Kabla yako. Mimi ndiye niliyemwambia aonje."

Walitazamana. Mama mmoja wa Rugera aliyekaa karibu aligeuka, akasema shemeji yake Harerimana ana bucha, na kwamba juzi buchani kwake daktari mmoja alichomwa dozi yake ya kwanza akiwa ameshika ndoano. Placida alianza kucheka, maana alikuwa mtu wa kucheka, halafu akaona uso wa wifi yake. Vestina alikuwa amekigeuza kiganja chake juu na kukitazama.

Jioni hiyo aligonga kwa Nesi Benadeta, na Benadeta alilia kabla mwenzake hajamaliza kueleza. Asubuhi walikuwa hospitali kubwa, nesi akilipa nauli. Vestina alipimwa, akachomwa chanjo ya kweli, akaambiwa bado ni mapema kujua kama sindano ile ilimwachia kitu. Arudi kwa dozi nyingine, apimwe tena mwishoni. Alirudi nyumbani na hofu yake yote ya zamani, imeongezeka ukubwa. Kabla ya kuachana getini, Benadeta alimshika bega.

"Yule mtu atakuja kwa dozi ya pili. Mwache aje."

Alikuja, tena amependeza. Deli begani, kiatu kinang'aa. Habari ilikuwa imepelekwa kwamba dozi ya pili itatolewa Rubwera kwa wote, na Cleophace alipoona uwanja umejaa hadi watu wa Bugomora na Rugera, hakujiuliza aliyewaita ni nani. Aliona hela zimesimama kwenye mstari. Mzee Rwegoshora alikuwa kwenye kiti chake cha kuegemea, tumbo limepata jua.

"Wapendwa wangu," Cleophace alianza.

"Mwenye pombe huonja kwanza, Dakta," alisema Benadeta. Alikuwa amesimama na trei, glavu mkononi, uso hauna kitu.

"Hilo ndilo neno, sista!" Akakunja mkono wa shati huku akiutabasamia umati. Sindano ikaingia, ikatoka. Makofi. Ndipo Benadeta alipotazama trei yake, akaganda.

"Mungu wangu. Vestina! Sindano niliyomtolea damu yule mzee wa kitanda cha ndani, uliitupa?"

"Mzee yupi, sista?"

"Yule mwenye macho ya njano. Niliiacha kwenye trei."

"Sijaitupa. Ulisema nisiguse."

Benadeta aliitazama sindano iliyokuwa mkononi mwake, kisha bega la Cleophace ambako tone dogo la damu lilikuwa linachungulia. Cleophace alianza kucheka, na kicheko kikamfia njiani.

"Unatania, sista."

"Natamani ningekuwa natania. Lakini una bahati, Dakta! Katika watu wote hawa imekupata wewe uliyechanjwa."

"Hiyo ndiyo faida ya chanjo!" alipaza sauti Rwegoshora kutoka kitini, akipiga makofi. "Mmeona? Sindano yenye ugonjwa, mtu mwenye kinga, hakuna neno! Haya, pangeni mstari, hela mkononi."

Cleophace alijishika bega. Yale maneno ya kipeperushi aliyokuwa akiwatishia watu sasa yalimrudia yeye, yote, kwa vituo. Tumbo kujaa maji. Ini kuwa gumu.

"Dozi moja haitoshi," alisema. "Kitaalamu. Mtu wa dozi moja anatakiwa akimbizwe hospitali."

"Moja?" Placida alijitokeza, mikono kiunoni. "Lakini Dakta, moja ulipata kwangu Bugomora. Nilikupigia vigelegele mimi."

"Bugomora tena?" alisema Harerimana wa bucha. "Kapata kwangu. Ndoano bado ina alama za vidole vyake."

"Na kwetu stendi," alisema kinyozi.

"Na kwangu," alisema muuza mishikaki, kwa huzuni.

"Na hapa hapa," alisema Vestina.

"Basi Kyerwa na Karagwe nzima hakuna aliyekingwa kama wewe," alisema Benadeta. "Hata hospitali hawana la kukuongezea. Nani anafuata?"

Cleophace alitazama huku na huku. Katika maisha yake alikuwa amefungiwa milango mingi, na kila mara alipata dirisha. Safari hii mlango na dirisha alikuwa ameviziba mwenyewe. Akikaa kimya anakufa akiwa daktari. Akisema anaishi, lakini anaishi kama nani?

"Nipelekeni hospitali," alinong'ona.

"Ukafanye nini, na deli zima la chanjo unalo begani?"

"Ni maji!" Sauti iliyotoka haikuwa na upole wowote. "Jamani, ni maji! Maji ya kuchanganyia dawa! Sijachanjwa, hakuna aliyechanjwa, nipelekeni hospitali kabla sijafa!"

Rwegoshora alikuwa ameshainuka na kuelekea kwenye pikapu kwa kasi ambayo hakuna aliyejua kama anayo. Cleophace alimwona. Tapeli hapendi kuzama peke yake.

"Na yule mzee anajua! 'Sindano iingie, kadi itoke,' kaniambia hivyo, tunatafuna kahawa yake! Mishahara amekata yeye!"

Watu wakaifunga njia ya pikapu. Harerimana alikuwa amekuja na panga la buchani, kwa nini sijui, na mkono wake ulianza kupanda. Vinyozi walikuwa wanakunja mashati.

"Asipigwe mtu!" Benadeta alifoka. "Damu ikimwagika hapa, nani kati yenu amechanjwa?"

Wote wakarudi nyuma hatua moja, mikono ikijificha mifukoni.

Cleophace hakuhitaji kupekuliwa. Aliligeuza deli mwenyewe: vikamwagika vichupa, barafu, na fuko la nailoni lenye hela zinazonuka sangara. "Chukueni! Chukueni yote!" Hela nyingine alishaila, lakini iliyobaki kila mtu alijitwalia ya kwake, akiinusa na kukunja pua. Bodaboda aliyeitwa, Nsabimana, alikataa kuwasha pikipiki kabla ya kulipwa nauli ya kwenda na kurudi.

"Mtu anayekufa hakopeshwi," alisema. Cleophace akamvulia saa.

Hospitali aliwaeleza kila kitu hata ambacho hawakumuuliza, butura, michango ya parokia, kila kitu. Walimpima, wakamchoma chanjo ya kweli, wakamwambia tarehe za kurudi. Mtu aliyetobolewa mara zote zile kwa tabasamu alilia sindano hiyo moja ilipoingia.

Kilichofuata kilikuwa rahisi. Tapeli wa kawaida angetoroka hadi Mwanza. Huyu alikuwa na miadi, na waliodhulumiwa waliijua tarehe yake kama Krismasi. Mwenyekiti wa kitongoji alimpa uchaguzi kati ya polisi na jembe, akachagua jembe. Alichimba shimo jipya la taka za zahanati, kisha akabaki kubeba maboksi pamoja na Vestina hadi deni liishe. Wa kwanza kudai glavu nene alikuwa yeye, na alizidai kwa kelele. Zahanati ilifungwa hadi wafanyakazi wote walipopata chanjo ya kweli kwa hela ya mwenye mali. Rwegoshora akatafuta hela haraka, kahawa yake ingali maua, na walimwendea watu wa butura. Walimlipa bei ileile anayolipwa mkulima yeyote.

Siku ya dozi ya tatu, Cleophace na Vestina walipanda pikipiki moja hadi hospitali, maana nauli ilikuwa ya wote wawili. Vestina aliingia kwanza. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alikuja kuketi kwenye benchi, pamba ikiwa imebanwa begani, akavuta pumzi na kuiachia.

"Sina," alisema. "Wamepima. Sindano ile haikuniachia kitu."

"Mungu ni mwema," alisema Cleophace, na kwa mara ya kwanza huenda alimaanisha. "Mimi sijui kama nitapona. Ile ya sista iliingia hadi kwenye mfupa."

Vestina alimtazama kidogo.

"Ile ilikuwa mpya," alisema.

"Ipi?"

"Ile sindano. Sista aliifungua kwenye karatasi yake mbele yako. Wewe ulikuwa unawatabasamia watu. Ndani alitia maji yako."

"Na yule mzee? Wa macho ya njano?"

"Kitanda kilikuwa kitupu."

Cleophace aliinuka. Watu wa benchi wakageuka. "Mmenitapeli!" alifoka. "Miezi yote hii! Unajua nimeishije? Unajua kuamka kila siku ukimbilie kioo, utazame macho kama yameanza unjano? Tumbo likiuma kidogo tu unasema ndiyo hiyo imeanza? Unajua?"

"Najua," alisema Vestina.

Hakusema kwa ukali.

"Sindano yangu mimi ilikuwa ya kweli," aliendelea. "Nilikuwa naimba, nikijua umenikinga. Na ndizi zangu ulikula."

Cleophace alifungua mdomo. Mtu huyu hakuwahi kukosa neno, si mbele ya wakulima, si mbele ya katekista, si mbele ya bodaboda anayedai. Aliona aibu, na hakuwa na uzoefu nayo, hakujua aishike wapi.

Mlango ukafunguliwa, nesi akaita jina lake, Cleophace tu, bila udaktari. Hakusogea.

"Nenda," alisema Vestina, akirekebisha pamba begani. "Mimi nimeshaonja."

Cleophace akakunja mkono wa shati, akaingia.